Hedifoni ya mtoto inavuma, mzazi anunue nini?

Kompyuta mpakato iliyotumika huja na kilema chake, na wakati mwingine kiko kwenye tundu la hedifoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Kalinzi, mkulima wa kahawa, aliyemnunulia mwanawe wa kidato cha tatu kompyuta ya namna hiyo mjini Kigoma baada ya malipo ya msimu. Kijana hufuatilia masomo ya video usiku, wadogo zake wakiwa wamelala chumba hicho hicho, kwa hiyo hedifoni kwao si anasa. Lakini upande wa kushoto sauti ilikatikakatika, na chaja ikichomekwa ulisikika mvumo kama wa nyuki. Kijana akajitafutia dawa: akapandisha sauti mpaka mwisho.

Baada ya wiki mbili mama akawa anamwita mara tatu ndipo aitike. Akadhani ni kiburi cha umri. Siku aliposema, "Mama, masikio yananilia nikilala," ndipo alipoacha kumgombeza.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hupungua nusu. Kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20 tu, 81 ni saa 10, na 84 ni saa 5 kwa wiki nzima. Anayepandisha sauti ili kuushinda mvumo huzimaliza saa hizo upesi, hata kama anachosikiliza ni hesabu.

Fundi alimshauri mama anunue kadi ya sauti ya nje, kifaa kidogo kama flashi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kadi ya sauti hugeuza tarakimu za kompyuta kuwa umeme unaotikisa spika ndogo za hedifoni. Hii ya nje hukwepa tundu bovu bila kompyuta kufunguliwa, na nyingi hufanya kazi bila kuwekewa programu yoyote.

Dukani muuzaji alimwonesha ya bei kubwa iliyoandikwa 7.1. "Chukua hii mama, inapiga kweli kweli." Maandishi hayo yanahusu spika nyingi zilizozungushwa chumbani, hedifoni ya kawaida ina mbili tu. Na "inapiga kweli kweli" ndicho hasa asichokihitaji mtoto. Hedifoni nyingi za simu, zenye ukinzani wa omu 16 au 32, hutosheka na kadi ndogo kabisa.

Cha kukagua ni matundu. Hedifoni yenye maikrofoni na pini moja ya mistari mitatu myeusi inataka kadi yenye tundu moja la pamoja. Kadi yenye matundu mawili, la sauti na la maikrofoni, itahitaji kiunganishi cha ziada, na hiyo ni hela nyingine. Mama alikwenda na kompyuta, chaja na hedifoni yenyewe, akaomba kujaribu chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Ni busara, kwa kuwa mvumo wa chaja mbovu unaweza kupitia hata kwenye USB. Hapo dawa ni kubadili chaja. Kadi ya kwanza ilivuma, ya pili ikanyamaza. Akalipa, kijana akashusha sauti hadi chini ya nusu.

Mlio haukuisha siku hiyo. Kituo cha afya walimwangalia kama ana nta, wakamwambia apumzishe masikio na arudi ukiendelea. Mtoto ambaye mlio haumwachi baada ya siku chache, au anayeomba watu warudie maneno, apelekwe akapimwe usikivu.

Nyumbani kipimo ni mkono. Simama umbali wa mkono mmoja, zungumza kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, ashushe.