Ukuta nyuma ya darasa



Mnaujua ule ukuta wa matofali nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza. Mwaka uliopita, nilipoanza kazi ya kapita, ukuta huo ndio ulikuwa fimbo yangu. Mwenye kuchelewa, mwenye kupiga kelele saa ya masomo ya jioni, nilimwambia: "Enda ukutani!" Alikaa pale bila kiti, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, mpaka mimi niseme basi.

Siku moja mutoto mmoja alinililia: "Yaya kapita, niko naanguka!" Nikacheka, nikamwongezea. Akaanguka kweli, kiwiko kikachubuka. Hakunishitaki kwa mtu yeyote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwaka huu zamu yangu ikafika. Ninajitayarisha kwa mtihani wa serikali, basi ninakaa juu ya banki tangu asubuhi mpaka usiku. Tena kila siku ninabeba bidoni ya maji ya lita 20. Kiuno kikaanza kuuma, hata kufunga viatu ikawa kazi. Nikamwendea mwalimu wetu wa jimnastiki. Akaniuliza mambo mengi, kisha akasema: "Twende ukutani." Nikaona haya. Nilifikiri anajua habari yangu, anataka kuniadhibu.

Kumbe hapana. Alinieleza kwamba musuli wa makalio ndio mkubwa kupita yote katika mwili wa mtu. (Msicheke! Ni somo la biolojia, si matusi.) Huo ndio unatuinua tukitoka kitini, tukipanda ngazi, tukikimbilia mpira. Ukilegea kwa kukaa sana, kiuno kinabeba kazi isiyo yake. Akasema: "Hapa Kamina ni mji wa reli. Waulize baba zenu: chuma kinainuliwa kwa miguu, si kwa mgongo."

Zoezi lenyewe si kama adhabu yangu, maana ile inachosha hasa mapaja kwa mbele. Hapa unasimama ukitazama ukuta, hatua moja mbali, viganja vyote ukutani, sawa na mabega. Kaza tumbo kidogo. Peleka mguu mmoja nyuma polepole, goti limenyooka, mpaka usikie kalio linakaza. Hesabu mbili, rudisha. Mara 10 mguu wa kuume, mara 10 wa kushoto. Pumzika, rudia mara moja tena. Usipinde kiuno, wala usirushe mguu kama punda. Kidogo kinatosha. Ukisikia uchungu mkali, acha, umwone munganga.

Lakini nani atanitazama kiuno kama kinapinda? Nikamwita yule mutoto. Kwanza nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Anza, yaya. Niko nahesabu."

Alihesabu kwa sauti, bila haraka. Siku moja niliruka namba, akanirudisha kwenye moja.

Sasa ni majuma sita. Kiuno hakijapona chote, lakini viatu ninafunga mwenyewe bila kuguna. Adhabu ya ukuta nimeiacha. Mwenye kutaka kufika ukutani na afike kwa mapenzi yake, asubuhi mbele ya kengele. Mutakuta miye pale, na mwenye kuhesabu ni yeye.

Kapita wenu, mwaka wa mwisho