Ndege za Unga, Ndege za Moto



Wapendwa katika Kristo, nabii Isaya aliiona siku ambayo mataifa watafua panga zao ziwe majembe. Nabii Yoeli anaitaja amri iliyo kinyume: majembe yafuliwe yawe panga. Juma hili tuitafakari hiyo ya pili, maana kwetu wanadamu ndiyo nyepesi zaidi.

Vita vya Biafra, huko Nigeria, vilianza Julai 1967 vikaisha Januari 1970. Tanzania yetu ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Njaa ilipowashika watoto, Caritas na makanisa ya Kiprotestanti waliungana kupeleka chakula usiku kutoka kisiwa cha São Tomé hadi Uli, ambako kipande cha barabara kilifanywa uwanja wa ndege. Safari zilizidi 5,000. Miongoni mwa marubani wa msaada alikuwamo Carl Gustaf von Rosen, Mswidi, ambaye Agosti 1968 aliupenya mzingiro kwa kuruka chini sana, akafikisha shehena yake.

Mwaka uliofuata alirudi kwa namna nyingine. Ndege tano ndogo za kiraia aina ya MFI-9, za injini moja na viti viwili, zilipelekwa Gabon. Huko zikapakwa rangi ya kijani, zikafungwa roketi chini ya mabawa. Tarehe 22 Mei 1969 zilishambulia uwanja wa ndege wa Port Harcourt, kisha Benin na Enugu.

Hatuna haraka ya kumhukumu. Alikuwa ameona watoto wakifa, na Kanisa halikatai kujilinda kwa haki, ingawa linaweka masharti magumu. Lakini tarehe 5 Juni, siku 14 tu baada ya shambulio la kwanza, ndege ya kivita ya Nigeria iliiangusha ndege ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa na msaada, na waliokuwamo wakafa. Hatusemi kwamba tukio moja lilizaa jingine. Twasema tu kwamba mikono ile ile ikibeba unga na moto, ni vigumu kumwomba adui aone tofauti.

Nasi tunazo ndege zetu. Parokiani kwetu tulianzisha daftari la michango ya jumuiya ili mgonjwa na mfiwa wasibaki peke yao. Kidogo kidogo tukalifunga roketi. Mama mmoja mjane alipofiwa na mwanawe, tulifunua daftari kwanza, tukaona mstari wake mtupu, tukasema asubiri. Tulifika msibani siku ya pili, kaburi limekwisha kuchimbwa na majirani Waislamu. Hata sisi tunaoandika haya tuliliona daftari lile, tukanyamaza.

Von Rosen aliurudia unga. Alikufa Gode, Ethiopia, Julai 1977, akiwa katika kazi ya kuwasaidia wenye njaa, naye akauawa kwa silaha za vita vya wengine. Kumbe roketi zaweza kufunguliwa mabawani.

Basi juma hili viongozi wa jumuiya walichukue daftari, wawatembelee wote ambao mistari yao ni mitupu. Wasidai kitu. Wawaulize hali zao tu. Nasi tutaanzia kwa yule mama, kumwomba msamaha.

Bwana aibariki mikono yetu isigeuze alichotupa. Amina.