Wingu la Mbali katika Korongo la Antelope

Kaskazini mwa jimbo la Arizona, nchini Marekani, karibu na mji wa Page, lipo Korongo la Antelope, ambalo ni mojawapo ya makorongo membamba sana, yaani nyufa ndefu zilizochongwa na maji ndani ya jiwe la mchanga, ambamo mahali pengine mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili. Korongo hilo limo katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji ambao kwa lugha yao hujiita Diné, na mgeni haruhusiwi kuingia humo bila mwongoza watalii aliyeidhinishwa na mamlaka yao. Sharti hilo lingekuwa halali hata lisingekuwa na sababu nyingine, kwa kuwa ardhi ni yao. Lakini sababu nyingine ipo, na ndiyo iliyomnyima msafiri wa simulizi hii alasiri aliyokuwa ameipangia mambo tangu mwanzo wa kiangazi.

Msafiri huyo, Mtanzania anayeishi Phoenix, aliichagua wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huadhimishwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, akaja na kaka yake na mke wa kaka yake. Alitaka kuingia sehemu ya juu ya korongo wakati wa adhuhuri, kwa maana hapo ndipo miale ya jua hushuka wima hadi mchangani, lakini nafasi hizo zilikuwa zimekwisha kitambo, ikambidi akubali sehemu ya chini, saa tisa alasiri. Kupanga saa nako kulimchosha, kwa sababu Arizona haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi ilhali Wanavajo husogeza, na hata hivyo matembezi ya korongo, ingawa yamo katika ardhi ya Wanavajo, hufuata saa za Arizona. Siku ya kwanza iliishia barabarani na katika Horseshoe Bend, mahali ambapo mto Colorado unajipinda takribani mita 300 chini ya ukingo wa jabali, pakiwa na joto kali na umati uliofanya kuupata ukingo wenyewe kuwe kazi.

Kesho yake, zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya zamu yao, ilitangazwa kwamba matembezi yote yamesimamishwa kwa sababu ya mvua. Juu ya vichwa vya watu hapakuwa na wingu lolote. Msafiri alimwendea mwongoza watalii, dada wa Kinavajo aliyekuwa amesimama kivulini, akamtaka amwonyeshe hiyo mvua, tena kwa sauti ambayo haikustahili kutumiwa kwa mtu aliye kazini kwao. Shemeji yake akamwambia kwa Kiswahili, "Shemeji, mwache dada wa watu afanye kazi yake," lakini hakusikia.

Yule dada hakukasirika. Alielekeza mkono kusini, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa mbali sana, kisha akamuuliza ardhi ile inateremkia upande gani. Msafiri alitazama, akaona kwamba uwanda wote ule, kuanzia chini ya wingu mpaka aliposimama, ulikuwa ukishuka kuelekea Ziwa Powell, na kwamba korongo lilikuwa njiani. Eneo zima ambalo mvua yake huishia katika mkondo mmoja ni kama paa la bati, na korongo ni mdomo wa mfereji wake: anayesimama kwenye mdomo hulowa kwa mvua iliyonyesha upande wa pili wa nyumba. Jiwe na udongo mkavu wa jangwa havinywi maji upesi, hivyo mvua ya muda mfupi huzaa mafuriko ya ghafla, nayo yakiingia katika ufa mwembamba kina chake hupanda kuliko mtu anavyoweza kukimbia.

Hivyo ndivyo ilivyotokea tarehe 12 Agosti 1997, siku ambayo katika sehemu hiyo hiyo ya chini watalii 11 walikufa, ilhali pale korongoni penyewe mvua ilikuwa kidogo mno, na ngazi za mbao zilizokuwapo zikasombwa. Yule dada alilieleza jambo hilo bila kuongeza chumvi. Kisha akasema kwamba wageni watarudishiwa fedha zao, wakati yeye, ambaye sehemu kubwa ya pato lake ni bakshishi, angerudi nyumbani mikono mitupu. Hasira ya msafiri iliisha hapo, akamwomba radhi. Ni dhuluma kwamba anayelinda maisha ya wageni ndiye anayelipia ulinzi huo kwa mfuko wake, na malipo ya siku za kusimamishwa yangepaswa kuwa ndani ya bei ya tiketi.

Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa ya Jumatatu asubuhi, muda uleule waliokuwa wameutenga kwa hifadhi ya Zion, huko Utah, ambako saa ziko mbele kwa saa moja. Kaka mtu alitaka Zion. Msafiri alishikilia korongo, na wote watatu wakateremka humo kwa ngazi za chuma zilizofungwa kwa bolti katika mwamba, kwenye mwanga hafifu usiofanana na ule wa picha maarufu. Zion ikaahirishwa hadi mwaka mwingine, safari hii katika mwezi wa Mei, kabla ya msimu wa mvua za radi.