Julai ya Kwanza Pune

Mtu aliyekulia Tanga hujiona anaijua India kabla hajapanda ndege. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kachori na bajia nimezila tangu utotoni, sinema za Kihindi nimeziona kiasi cha kujua nani atakufa kabla ya wimbo wa pili, na vitambaa vya sare za shule tulinunua kwa mzee wa Kigujarati aliyesema Kiswahili kitamu kuliko cha baba yangu. Basi nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya kompyuta Pune, katika jimbo la Maharashtra, nilifunga sanduku kama mtu anayekwenda likizo kwa mjomba.

Dar es Salaam hadi Mumbai ni mwendo wa saa sita hivi angani. Tulitua usiku. Treni za Pune zipo, na mojawapo, Deccan Queen, inafanya kazi tangu 1930, lakini usiku ule nani wa kuitafuta? Wanafunzi watatu tuliojuana ndegeni tukachanga nauli ya teksi. Barabara hupanda milima ya Ghats kupitia Lonavala, na kulipopambazuka nikaona ukungu umelala juu ya lami, maji yanaporomoka kutoka kila jabali. Ulikuwa mwezi wa Julai. Kwetu Julai ni kipupwe, kusi linavuma, na wazee wetu walilitegemea kupeleka majahazi upande huohuo niliokuwa nakwenda. Sikuwahi kujiuliza upepo ule ukishatupita unafanya nini. Kumbe huvuka bahari, ukajitwika maji njiani, ukaja kuyamwaga kwenye milima hii mpaka Septemba. Nguo zangu za kwanza kufuliwa zilikaa bwenini juma zima bila kukauka.

Majuma ya mwanzo sikusoma kompyuta, nilisoma makaratasi. Mgeni mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha na ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu aingie nchini. Maombi hufanywa mtandaoni, lakini yanataka barua ya chuo, ambayo kila mtu huiita bonafaidi, na barua inataka stakabadhi ya ada. Benki nayo inataka namba ya simu ya India, na duka la simu linataka kujua unaishi wapi. Karani wa chuo, mama wa makamo aliyekuja kazini kila siku na kishada cha asumini nywelini, alinitazama nikizunguka na faili langu akanionea huruma. Alinichukua hadi kibanda cha kutoa kopi kilicho ng'ambo ya barabara, akaniagizia nakala za kila karatasi niliyokuwa nayo na picha za pasipoti rundo zima. "Beta," aliniambia, yaani mwanangu, "hapa usitembee bila picha." Tangu siku ile kila ofisi iliyonitaka picha ilizikuta mkobani.

Ugumu wa kukosa akaunti uliniumbua sokoni. Tangu 2016 India ina mfumo wa malipo wa UPI, na muuza nyanya wa mkokoteni amening'iniza kikaratasi cha msimbo wa kulipia kwa simu. Mimi mtoto wa M-Pesa, niliyetoka nyumbani nikijiona mtu wa kisasa, ndiye niliyesimama na noti ya rupia 500 huku watu nyuma yangu wakisubiri muuzaji atafute chenji.

Darasani kilichonishangaza ni kalamu. Programu tuliziandika kwa mkono, mstari kwa mstari, kwenye daftari la mazoezi ambalo mwalimu hulitia sahihi kabla ya mtihani. Hata mtihani wenyewe ni karatasi: ukisahau nukta mkato, hakuna mashine ya kukukumbusha. Nilinung'unika sana. Siku hizi naona ulikuwa ufundi wenye faida, ingawa vidole vyangu bado vinapinga.

Chakula sasa. Ile India ya Tanga, ya biriani na sambusa za nyama, niliitafuta bwenini sikuipata. Nilikula kwenye mesi, yaani bwalo: chapati nyembamba, dengu, mboga ya siku, wali kidogo. Nyama hakuna, yai hakuna. Asubuhi poha, yaani mchele uliopondwa ukakaangwa na bizari na majani ya mchuzi, chakula ambacho hakuna Mhindi wa kwetu aliyewahi kunionjesha. Sikuwa nimefikiri kwamba wale wa Tanga, wengi wao watu wa Gujarat na Kutch, ni wageni Pune karibu kama mimi, na kwamba huku watu ni Wamarathi wenye lugha yao na jiko lao. Jumapili jioni mesi nyingi hufungwa, ndipo Waafrika wote wa mtaa hukusanyika kwa aliyepanga nyumba. Unga mweupe wa mahindi ni adimu, kwa hiyo ugali tulisonga wa suji, ile semolina. Unanata, unapoa haraka, na ukiwa na mchicha hutajali.

Kupanga nyumba, nilipohama bweni na wenzangu, ni habari nyingine. Mikataba mingi ni ya miezi 11, na swali la kwanza la mwenye nyumba si kodi: ni kama unakula nyama. Wengine hawakufika hata huko. Walituona mlangoni chumba kikawa kimeshachukuliwa. Mtaani watu walinikodolea macho, wakaniomba picha, wakagusa rasta zangu bila kuuliza. Sikupenda, na sitasema nilizoea. Tulipata nyumba Kondhwa, mtaa wa Pune, kwa anti mmoja Mwislamu aliyetaka jambo moja tu: tusipokee wageni baada ya saa nne usiku. Yeye alipokea wageni hadi saa sita.

Hapo nilianza kwenda chuoni kwa bajaji, zile nyeusi na manjano. Makao makuu ya Bajaj yenyewe yapo Akurdi, pembezoni mwa jiji hili. Nilipopita hapo nilimtumia kaka yangu picha, maana anaendesha bajaji Tanga mjini. Hakujibu lolote kuhusu jengo. Alitaka kujua kama ni kweli za huku zina mita, na abiria analipa ilichoandika bila kupatana.

Mwaka uliofuata msichana wa Muheza aliyechaguliwa chuo chetu aliniuliza abebe nini. Nilimwandikia: picha za pasipoti bahasha nzima, rasta za kusukia, sweta la Desemba, maana usiku wa Pune unakuwa na baridi ya Lushoto. Mwavuli atanunua huku.

"Na unga, dada? Na dagaa?"

Unga aache, nilimjibu, suji ipo. Dagaa asithubutu mpaka ajue atalala chumba kimoja na nani.