Kizuri Chajiuza: Mwalimu Anaponunua Gari

Ndugu walimu wenzangu, kurasa hizi zimezoea kubeba ngeli, methali na mashairi. Leo naomba ruhusa nizungumze juu ya gari, kwani kulitafuta nako ni mtihani wa lugha.

Nafundisha Kiswahili mjini Mbale, mashariki ya Uganda. Mama yangu mzazi anaishi kijijini, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na maradhi ya moyo humlazimu kufika hospitali mara kwa mara. Usiku wa mvua mgonjwa kama huyo habebwi kwa pikipiki. Kwa hiyo mimi na mke wangu tuliunganisha akiba yetu na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, fedha ambazo zingelipa karo ya watoto wetu kwa miaka kadhaa. Fedha za namna hiyo hazinunui gari mara mbili.

Gari jipya kabisa lilikuwa mbali na mfuko wetu. Yalibaki yaliyotumika, ambayo kwetu aghalabu hutoka Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo usukani tayari uko mahali pake. Tena, kwa sheria ya huko gari dogo la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na wengi huona afadhali kuuza. Magari hayo hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe. Basi mnunuzi huchagua baina ya gari lililoingia karibuni, ambalo halijayajua mashimo yetu, na lile lililokwisha kutumika nchini, ambalo bei yake ni nafuu lakini historia yake ni ndefu.

Dalali mmoja alituonyesha magari mawili ya aina hii ya pili, bei zikiwa zimekaribiana. La kwanza lilikuwa kubwa, lenye kung'aa, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. La pili lilikuwa Toyota Corolla iliyofifia rangi. Juu ya lile kubwa alisema, "Mwalimu, hili ni safi, halina shida, lilikuwa la daktari." Sisi tunaofundisha ufahamu hatuna budi kuuliza: "safi" ni bodi au injini? "Halina shida" kwa nani? Na udaktari wa mwenye gari hautibu gia. Wahenga walikwisha sema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nilikuwa na fundi mzee wa gereji, niliyemlipa mwenyewe ili asiwe na deni kwa dalali. Alitaka injini ziwashwe zikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wake wa kuwaka. Akanifundisha kusoma moshi: wa buluu, oili inaungua, mweusi, petroli imezidi hewa, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani. Akafungua kifuniko cha oili kutafuta ute kama maziwa, dalili ya maji na oili kuchanganyika. Ubavuni mwa tairi akanionyesha tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, siku za kuzaliwa kwake. Mita ya lile gari kubwa ilisoma kilomita 68,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma. Mita hurudishwa nyuma, mpira haurudi.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, likiharibika usiku kule kwa mama, nani atalitengeneza? Na spea utaipata wapi?"

Spea za Corolla zilijaa madukani mjini, na kila fundi aliijua. Za lile kubwa zilihitaji kuagizwa Kampala. Mke wangu alisema kuwa lile kubwa lingepanda matope hadi mlangoni. Hilo lilikuwa kweli, wala sikulibishia. Corolla ingefika sokoni tu wakati wa mvua, na kipande kilichosalia mama angebebwa kwa machela na majirani, kama ilivyo desturi. Tukakubaliana kwamba gari linalowaka na kungoja sokoni ni bora kuliko lililolala gereji likisubiri spea.

Kabla ya kulipa tulilinganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kadi ya gari. Kadhalika tulitenga fedha za oili, tairi na breki, maana bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama.

Ndugu walimu, usukani, klachi, rejeta na spea ni maneno yanayostahili nafasi darasani. Wapeni wanafunzi zoezi: mmoja awe dalali, mwingine mnunuzi. Atakayezoea kuuliza "safi kwa maana gani?" atakuwa ameelewa somo, na fedha za wazazi wake zitakuwa salama zaidi mikononi mwake.