Risasi Ile Niliifyatua Mimi

Nimestaafu uaskari, na kuna taarifa moja niliyoiandika ambayo ilikuwa uongo. Ilisema mfanyabiashara mmoja wa mbao alikaidi amri ya polisi, akashika bastola, ikafyatuka. Aliyeifyatua ni mimi.

Tulikuwa kwenye kizuizi cha polisi katika barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, pande za Mafinga, ambako malori ya mbao za msitu wa Sao Hill hupita mchana kutwa. Wanunuzi wengi walikuwa wakitembea na fedha taslimu, na baadhi yao walikuwa na bastola za leseni. Mzee huyo mfanyabiashara alisimama nilipompungia, akazima gari, akaweka mikono juu ya usukani.

"Kamwene, afande," akasema. "Nina bastola kiunoni, ina leseni. Kitabu kiko hapa mbele. Unataka nifanyeje?"

Mwenye silaha hawezi kufanya jema kuliko hilo. Nilipaswa kumwambia aiache hapo ilipo, nikague kitabu, aende zake. Badala yake nilimshusha mbele ya abiria wa basi la Mbeya, nikaichomoa kiunoni mwake. Sikuwa na shaka naye hata kidogo. Nilitaka watu waone mwenye amri ni nani.

Mimi nilizoea bunduki ya SMG. Bastola ya aina ile sikuijua. Nilikoki kwanza, ndipo nikatoa magazini. Kumbe kwa kukoki nilikuwa nimeingiza risasi kwenye chemba. Nikadhani ni tupu, nikavuta kifyatulio. Risasi ikapiga ukingo wa lami, hatua chache kutoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mungu alitunusuru sote.

Barabara hiyohiyo ilikwisha kutupa somo. Septemba 2, 2012, pale Nyololo, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Nililijua shauri hilo. Nilipoona nami nimeponea chupuchupu kuua, hofu ilinishika, nikamtupia mzee kosa langu.

Uongo wangu ulisimama kwa sababu hapakuwa na karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, mwenye mali na mashahidi watie saini. Sikutoa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, ilieleza kwa nini safari ya kielelezo iandikwe tangu kinapokamatwa, mkono kwa mkono. Mimi niliifuta safari hiyo mwanzoni kabisa, likabaki neno langu dhidi ya lake. Mzee alipoteza bastola na leseni.

Siwaambii askari wasijilinde. Mlevi, mgomvi, au mtu anayepeleka mkono kiunoni bila kuambiwa, mpokonye silaha haraka. Lakini chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, polisi ndio wanaosajili silaha za raia, kwa hiyo bastola yenye leseni si siri kwao. Aliyesema mwenyewe kwamba anayo, akatulia akingoja maelekezo, ametimiza wajibu wake. Bastola iliyo kiunoni mwake haimdhuru mtu. Hatari huanza askari asiyeijua anapoishika. Ikilazimu kuichukua, magazini itoke kwanza, chemba ikaguliwe, mtutu uelekezwe pasipo na mtu, na stakabadhi iandikwe palepale.

Baada ya kustaafu nilikwenda nyumbani kwa mzee kuomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Afande, mimi nilijua tangu siku ile. Kawaambie wanaoniita jambazi."

Nimewaambia. Nilisimama kwenye yadi za mbao, mbele ya wafanyabiashara wenzake waliokuwa wakimwita jambazi, nikasema kwamba hakukaidi wala hakugusa silaha. Nimeandika maelezo mapya, nikayatia saini na kuyakabidhi polisi, nikijua yanaweza kunifikisha mahakamani. Leseni yake bado haijarudi. Nitakwenda kila nitakapoitwa kueleza, mpaka taarifa ile ifutwe.