Kamba za Ilongero

Ilongero, Jumatatu jioni

Dada mpendwa,

Nimefika salama tangu Jumatano. Mtandao ungekuwa unashika vizuri hapa uani kwa mwalimu, mwenyeji wangu, ungekuwa umeshayasikia haya yote. Lakini afadhali niandike, maana nikiyasema kwa simu nitalia, nawe utalia, na salio litakwisha hatujasema kitu.

Safari kwanza. Treni ya umeme imenifikisha Dodoma hata zile karanga ulizonifungia sijazimaliza. Urefu wa safari nimeuonea kwenye basi. Tumepita Bahi, tumepita Kintinku, halafu tukaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, dereva akibadilisha gia na abiria wote kimya. Ukishafika juu ni uwanda, vichaka vikavu na mawe. Dada, mawe ya Singida! Mengine makubwa kuliko nyumba yetu, jiwe limekaa juu ya jiwe, na upepo unavuma mchana kutwa. Nimelala mjini, karibu na lile ziwa la maji ya chumvi, Singidani, na asubuhi nikapanda Noah kuja huku kaskazini.

Ilongero ndiko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, lakini usifikirie mji mkubwa. Ni ofisi, soko, maduka, vijana wa bodaboda, harufu ya alizeti inayokamuliwa. Ukitembea kidogo tu uko shambani kwa watu. Sasa ni kiangazi, mashamba yamebaki mabua. Wenyeji ni Wanyaturu, watu wa kukukaribisha kabla hujajieleza. Nimekula ugali wa uwele kwa mlenda siku tatu mfululizo na bado nautaka.

Haya, sasa sababu ya kuja. Nilikuambia mwalimu amenialika kwenye wiki ya maombi ya jumuiya yao. Sikukuambia kwamba aliponitajia somo nilinyamaza kwenye simu mpaka akadhani imekatika. Ni Waefeso sura ya 3, kuanzia mstari wa 14: ile sala ya Paulo ya kuomba waumini waujue upendo wa Kristo, upana wake, urefu, kimo na kina. Ndiyo sala niliyoishika tangu tulipomzika Mama. Miaka miwili, kila alfajiri, magoti chini kando ya kitanda, mlango nimeufunga. Wewe unaniona mtu wa maombi, unawaambia hivyo hata majirani. Acha nikuambie nisilowahi kukuambia: sikuwa naelewa chochote. Nilikuwa naomba nione upendo ulivyo mkubwa, naona ukuta wa chumba. Nikaanza kuogopa kwamba labda sala ile ni ya watu wengine.

Anayetufundisha ni mwinjilisti ambaye siku za kazi ni fundi mwashi. Anakuja saa kumi jioni na vumbi la saruji bado liko kwenye viatu, anaweka futi yake mezani pembeni ya Biblia. Siku ya kwanza hakugusa vile vipimo kabisa. Alikaa kwenye magoti tu. Wayahudi, alisema, kwa kawaida walisali wamesimama, kwa hiyo Paulo anapoandika kwamba anapiga magoti, ujue kuna jambo limemlemea. Tena yuko kifungoni. Halafu akatuonyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona: sura ya 3 inaanza kama sala, kwenye mstari wa 1, lakini Paulo anakatiza, anaingia kwenye habari nyingine, na anairudia sala mstari wa 14. Habari iliyomkatiza ni ipi? Ni kwamba watu wa mataifa, waliokuwa nje, sasa ni warithi pamoja na Wayahudi. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na kizuizi chenye mawe yaliyoandikwa Kigiriki, yakiwaonya wageni kwamba atakayevuka atajiletea kifo. Jiwe moja zima lilipatikana mwaka 1871, na leo liko makumbusho ya Istanbul. Kabla ya kuomba, Paulo alikuwa ametoka kuandika kwamba ukuta wa kuwatenga watu umebomolewa. Anayefundisha hayo ni mtu anayejenga kuta, Dada, na nilimsikiliza kwa namna hiyo.

Ijumaa akavishika vipimo. Akasema ukitaka kujenga chumba unahitaji upana, urefu na kimo, basi. Kina cha nini tena? Tukatazamana. Akainua futi, akaivuta kutoka sakafuni kwenda juu, akauliza hiki ni nini. Tukajibu kimo. Akasema, sasa mtu akiwa darini anachungulia chini, kwake hiki ni nini? Kina. Umbali ni ule ule. Aliye chini anaona kimo, aliye juu anaona kina. Paulo ameviweka vyote viwili, kwa sababu kanisani wako walio juu na wako walio shimoni, na kila mmoja anashika ncha moja ya kipimo.

Sikuweza kuimba wimbo wa mwisho. Miaka miwili nimekuwa shimoni najaribu kupima peke yangu, na futi inataka mtu wa kushika upande wa pili.

Mama mkwe wa mwalimu, ambaye wote tunamwita Bibi, aliniona. Hakusema kitu. Jumamosi alfajiri akanigongea, akaniambia, mwanangu, twende tukateke maji. Bomba lilikuwa halitoi siku ile. Tukaenda kisimani, akina mama sita au saba tayari wako pale. Maji yameshuka sana msimu huu. Bibi akatumbukiza dumu lake, kamba ikaisha, dumu bado linaning'inia hewani. Jirani akafungua kamba yake akaunga. Bado. Akafika kaka yake Bibi na punda. Yeye ni Mwislamu, ndiyo kwanza ametoka msikitini kuswali alfajiri. Hakuulizwa. Alikata fundo kwenye mzigo, akatupa kamba yake, wakaiunga, na tukasikia dumu limegusa maji. Wakateka wote kwa kamba ile ile, zamu kwa zamu, mpaka mapipa ya yule mzee yakajaa.

Njiani nikamuuliza Bibi kama amenipeleka makusudi. Akasema, nilikuwa nataka maji. Lakini baada ya hatua chache akaongeza: na wewe unaomba kama mtu ambaye hana jirani.

Niliporudi nikafungua tena mstari wa 18. Yale maneno yapo, Dada, nimeyasoma mara elfu: Paulo anaomba waweze kufahamu pamoja na watakatifu wote. Pamoja. Kila alfajiri nilikuwa nayaruka kama mtu anayeruka salamu za barua ili afike kwenye habari yenyewe. Najua Paulo anasema watakatifu, hasemi kila mwenye kamba kisimani, na sitaki kumbebesha Paulo maneno yangu. Ila yule mzee na kamba yake sitamsahau nikiusoma mstari huo. Na mstari wa 19 unasema upendo wenyewe unapita ujuzi wote, kumbe hata tukiunga kamba zetu zote hatutafika chini. Zamani hilo lingenikatisha tamaa. Sasa linanipumzisha.

Bibi alikuwa binti mdogo mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa kanisa moja nchini. Anasema anachokumbuka yeye ni watu wazima kufurahi, na pilau. Amezika watoto watatu. Nilimuuliza aliwezaje kuendelea kuamini kwamba anapendwa. Akasema kuna miaka hakuamini, jumuiya ikaamini kwa niaba yake, wakawa wanakuja kusali nyumbani kwake yeye amegeukia ukutani. Nikakukumbuka wewe. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa unabisha hodi jioni useme tusali, nami nasema nimeshasali. Nisamehe. Nilikuwa nakufungia mlango nikidhani namfungulia Mungu.

Jana Jumapili baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mayai, vitunguu, mafuta ya alizeti kwenye chupa za maji. Mama mmoja asiye na viatu alileta kuku jike mwekundu. Bei ikapanda kwa kelele, mzee wa kanisa akamchukua, akalipa, halafu akaja moja kwa moja akaniwekea kuku mikononi: mgeni haondoki mikono mitupu. Yule mama aliyemtoa alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote.

Kwa hiyo nakuja na kuku. Usimchinje, ataanza kutaga karibuni. Nitashuka stendi ya Msamvu Alhamisi usiku. Na siku hiyo hiyo saa kumi jioni jumuiya ya huku inakutana kwa Bibi kuomba sala ile ya mstari wa 14, nami nitakuwa bado safarini. Nimewaambia jina lako. Piga magoti saa hiyo hapo sebuleni, uache mlango wazi, mimi nitajiunga nanyi nikiwa kwenye kiti changu. Na ufunguo wa chumba changu uko kwenye kopo la chumvi, fungua madirisha hewa iingie.

Mdogo wako